Laini ya mwanangu imeshika maambukizi mara mbili. Je, ni mikono yangu?

"Daktari, mwanangu wa kiume ana miaka miwili na miezi minne. Alizaliwa salama, lakini akiwa na wiki tatu utumbo ulijisokota, akakatwa sehemu kubwa. Tangu hapo anaishi kwa lishe ya mshipani: kila usiku tunamuunganisha kwa saa 12, mchana tunamfungua, anakula kidogo kidogo kwa mdomo. Mwaka huu laini yake ya kifuani, ule mpira wa kupitishia lishe, imepata maambukizi mara mbili. Mara ya kwanza walikuta bakteria wa Klebsiela kwenye damu, mara ya pili wadudu wa ngozi. Zote mbili alilazwa, akachomwa dawa, laini ikaachwa palepale. Muuguzi mmoja aliniambia, 'Hii ni mikono ya nyumbani.' Toka siku hiyo naogopa hata kuishika ile laini. Je, ni kosa langu? Kwa nini wasiitoe na kuweka mpya? Naweza kumpa antibayotiki kidogo kila siku za kumkinga, au zile probiotiki za unga? Na ni lazima twende hospitali kila homa, hata kama mafua yameingia nyumba nzima? Halafu juzi na jana usiku alitetemeka kidogo baada ya kumuunganisha. Nadhani mfuko ulikuwa bado na baridi ya friji, maana asubuhi hakuwa na homa."

Mama, pole sana. Nitayajibu yote, lakini naanza na hilo la mwisho, ulilolitaja kana kwamba ni dogo. Sehemu hii nilikutumia mara tu niliposoma barua yako, sikungoja jibu likamilike. Naiweka hapa kwa sababu kuna mzazi mwingine atakayeisoma akiwa katika hali hiyohiyo.

Mtoto anayetetemeka muda mfupi baada ya laini yake kufunguliwa, kusafishwa kwa maji au kuunganishwa na mfuko, achukuliwe kuwa laini hiyo ina vijidudu mpaka vipimo vikatae. Baridi ya friji haimtetemeshi mtoto hivyo. Lishe inapita kwenye pampu tone kwa tone, na ikifika kwenye mshipa mkubwa inachanganyika papo hapo na damu nyingi yenye joto. Kinachotokea ni kwamba maji yanapoanza kupita yanasomba vijidudu vilivyoganda ndani ya mpira na kuvimwaga kwenye damu. Mwili unashtuka, mtoto anatetemeka, wakati mwingine homa inapanda, wakati mwingine mwili unavisafisha vile vilivyoingia na kufika asubuhi anacheza. Usiku unaofuata vinamwagwa vingine. Kutetemeka mara mbili mfululizo, zote baada ya kuunganisha, ni dalili ninayoiamini kuliko themometa.

Kwa hiyo mpeleke sasa, hata akiwa anacheka. Usimuunganishe leo usiku, na usisukume maji kwenye laini "kujaribu tu". Ikitokea akaanza kutetemeka pampu ikiwa inaendelea, isimamishe, bana laini, ondokeni. Lakini kuna upande wa pili ambao watu husahau: mtoto aliyezoea kupata sukari na maji yake kwa mshipa usiku hawezi kukaa saa nyingi bila hivyo. Sukari ya damu inaweza kushuka, na mtoto wa utumbo mfupi anaishiwa maji upesi. Ukifika mlangoni sema mambo matatu kabla hujaulizwa: ana laini ya mshipa mkuu, ametetemeka baada ya kuunganishwa, na anategemea lishe ya mshipani, kwa hiyo apimwe sukari na awekewe maji yenye sukari kwa kanula ya mkononi wakati laini inachunguzwa.

Sasa swali lililokunyima usingizi.

Kauli ya "mikono ya nyumbani" haina kipimo cha kuithibitisha. Hakuna maabara inayoweza kutazama kijidudu na kusema kilitoka kwa mama, kwa muuguzi wa zamu au tumboni mwa mtoto mwenyewe. Na kwa watoto wa utumbo mfupi hesabu ni ngumu zaidi kuliko kwa mgonjwa mwingine yeyote mwenye laini, kwa sababu wanabeba chanzo cha pili cha maambukizi ambacho hakioshwi kwa sabuni.

Laini yenyewe ni mpira mwembamba uliopenyezwa kwenye mshipa mkubwa wa shingoni au chini ya mtulinga, ukapitishwa chini ya ngozi ya kifua, ncha yake ikakaa karibu na mlango wa moyo. Inawekwa huko kwa sababu lishe ya mshipani ni nzito, ina sukari nyingi, na mshipa mdogo wa mkononi ungeungua. Mwaka 1968 daktari Stanley Dudrick na wenzake wa Philadelphia waliandika juu ya mtoto mchanga aliyekua kwa kulishwa kwa mshipa peke yake, na kuanzia hapo watoto ambao zamani wangekufa kwa njaa wakaanza kuishi. Lakini njia inayopeleka chakula kwenye moyo inapeleka na kijidudu pia, bila kizuizi chochote cha ngozi au tumbo.

Vijidudu vinaingia kwa njia tatu. Kuna vinavyofuata nje ya mpira kutoka kwenye tundu la ngozi, na hivi husumbua zaidi wiki za mwanzo, kabla ngozi haijashikana na ile pete ndogo ya kitambaa iliyozunguka mpira chini ya ngozi. Kuna vinavyoingia kwa ndani, kupitia kichwa cha laini, pale mnapofungua na kuunganisha. Kwa laini iliyokaa miezi, hii ndiyo njia kuu, na wadudu wa ngozi kama wale wa mara ya pili kwa kawaida hupita hapo. Njia ya tatu ni utumbo. Utumbo uliobaki baada ya kukatwa mara nyingi hutanuka na kusukuma chakula kwa uvivu, bakteria wanazaliana kupita kiasi, ukuta unavimba na kulegea, na baadhi ya bakteria wanavuka kuingia kwenye damu. Wakiwa ndani ya damu wanatafuta pa kujishikiza, na mpira ndio pahala pazuri zaidi.

Klebsiela ni mkaaji wa utumboni. Inawezekana ilivuka ukuta wa utumbo, na hapo hata ungenawa mpaka ngozi itoke usingeizuia. Inawezekana pia ilitoka kwenye kinyesi, ikapita kwenye nepi au kidole, ikafika kwenye kichwa cha laini. Siwezi kukwambia ni ipi kati ya hizo, na yeyote anayejidai kujua anakudanganya. Ninachoweza kukwambia ni kwamba zipo hatua za kufunga njia ya pili, nitazieleza, na kwamba mtoto anaweza kupata maambukizi ya laini hata mikononi mwa mtu asiyekosea hatua hata moja. Hofu ya kuishika laini ndiyo inayonitia wasiwasi. Mkono unaotetemeka hufanya haraka, na haraka ndiyo adui.

Kwa nini hawaitoi? Swali hili ni zuri, kwa sababu kwa mgonjwa wa kawaida jibu ni rahisi: mpira umeoza, utoe. Vijidudu vikishajishikiza ndani ya mpira vinajitengenezea utando unaonata, kama ule utelezi unaoupapasa ndani ya ndoo ya maji iliyokaa muda mrefu. Ndani ya utando huo antibayotiki inapenya kwa shida, na vijidudu vilivyolala hufa kwa dozi kubwa mno kuliko vile vinavyoelea kwenye damu. Ndiyo maana mtoto anaweza kupona homa siku ya pili ya dawa, damu ikawa safi, kisha wiki tatu baada ya dawa kwisha wadudu walewale wakarudi.

Ila mwanao anahitaji njia ya mshipa kwa miaka, na mishipa mikubwa ya kuwekea laini inahesabika: miwili shingoni, miwili chini ya mitulinga, miwili kwenye mapaja. Kila laini inayowekwa inaweza kuacha kovu au damu iliyoganda, na mshipa ukiziba huwa haurudi. Kupoteza mishipa ya sehemu ya juu ya mwili ni mojawapo ya sababu zinazomfanya mtoto apelekwe kufikiriwa upandikizaji wa utumbo, safari ambayo hakuna anayeitaka kabla ya wakati. Hivyo madaktari wake walikuwa wanakinga kitu ambacho huenda hawakukueleza vizuri. Walikuwa wanakulindia mshipa.

Kuiokoa laini kunafaa pale mtoto anapokuwa imara, presha yake nzuri, na kijidudu ni cha aina inayokubali: wadudu wa kawaida wa ngozi, na mara nyingi hata hao wa utumboni kama Klebsiela na E. koli, ingawa hawa wanahitaji kuangaliwa kwa jicho kali zaidi. Dawa inapitishwa ndani ya laini yenyewe, na kama laini ina njia mbili, zote zipate dawa, la sivyo unatibu nusu. Juu ya hapo baadhi ya timu huacha dawa kali ikae ndani ya mpira saa kadhaa wakati hautumiki, ili ipambane na utando palepale ulipo. Kwa kawaida matibabu huchukua siku 7 hadi 14 kwa kutegemea kijidudu, na damu huoteshwa tena kuhakikisha imesafika.

Zipo hali ambazo mimi sibishani, laini inatoka. Mtoto akiingia kwenye mshtuko wa maambukizi, presha ikashuka na ikakataa kupanda kwa maji. Fangasi, yaani Kandida, wakipatikana kwenye damu: hawa wanang'ang'ania mpira kiasi kwamba kuuacha ni kucheza na moyo na macho ya mtoto. Stafilokoka wa aina ya aureus, kwa sehemu kubwa, kwa sababu hupenda kuhamia kwenye vali za moyo na kwenye mifupa. Damu ikiendelea kuwa na vijidudu siku tatu baada ya kuanza dawa sahihi. Usaha au uwekundu unaofuata njia ya mpira chini ya ngozi. Katika hali hizo kuibakiza laini kwa ajili ya kuokoa mshipa ni hesabu mbaya, kwa sababu unaokoa mshipa wa mtoto unayeweza kumpoteza. Ikitolewa, afadhali apumzike siku mbili tatu kwa kanula za kawaida, damu ithibitike kuwa safi, ndipo mpya iwekwe.

Kwa mwanao, sasa kuna swali moja ambalo jibu lake litaamua mengi. Safari hii kikiota kijidudu kilekile cha mara ya pili, tena kinachokufa na kushindwa kufa kwa dawa zilezile, maana yake hakikuondoka, kilijificha. Hapo ningeelemea kuitoa. Kikiota kipya kabisa, na mtoto yuko imara, bado naona kuna haki ya kujaribu kuiokoa. Waulize wazi: "Ni yuleyule au ni mwingine?" Ni haki yako kujua, na daktari mzuri atafurahi umeuliza.

Niseme kidogo juu ya vipimo, maana wazazi wengi huona mtoto anatolewa damu mara mbili wakadhani wauguzi wamekosea. Damu moja hutolewa kwenye laini, nyingine kwenye mshipa wa mkono, kabla ya dawa kuanza, na zote huoteshwa. Chupa ya laini ikionyesha vijidudu saa mbili au zaidi kabla ya chupa ya mkono, tunajua chanzo ni laini. Na wadudu wa ngozi wakiota kwenye chupa moja tu, wanaweza kuwa uchafu wa wakati wa kutoa damu. Chupa nyingi zenye vijidudu huonyesha ndani ya saa 24 hadi 36, na ndiyo sababu mnaambiwa mkae saa 48 hata mtoto akiwa anakimbia wodini. Dawa haingoji majibu hayo. Dozi ya kwanza, inayofunika wadudu wa ngozi na wa utumboni kwa pamoja, inatakiwa iingie ndani ya saa moja tangu mfike. Kijidudu kikishajulikana, dawa zisizohitajika zinaondolewa.

Kuhusu homa na mafua. Ndiyo, kila homa ya nyuzi 38 au zaidi. Najua ni mzigo, najua mara nyingine mtarudi nyumbani mmeambiwa ni virusi tu. Lakini hakuna mzazi, na hakuna daktari kwa njia ya simu, anayeweza kutofautisha homa ya mafua na mwanzo wa maambukizi ya damu kwa kumtazama mtoto. Kamasi hazimkingi na Klebsiela. Meno hayaleti homa ya nyuzi 38 na nusu. Hata kipimo cha damu kinachoonyesha kwamba mwili unapambana na maambukizi kinaweza kutoka kizuri saa za mwanzo. Kwa watoto wenye utumbo ulioshindwa kazi na wenye laini, homa inayogeuka kuwa maambukizi ya damu ni ya kawaida mno kiasi kwamba kusubiri asubuhi ni kamari. Pima joto kabla ya kumpa paracetamol. Ukishaipata hiyo 38, ondokeni, nayo paracetamol haitabadilisha uamuzi huo.

Na homa si lazima iwepo. Mtoto mchanga anaweza kupoa badala ya kuchemka. Mwingine analegea, analala wakati si wake, anatapika, tumbo linajaa, kinyesi kinabadilika ghafla, mkojo unapungua, macho yanakuwa ya manjano, au sukari inapanda na kushuka bila sababu. Mama anayesema "leo si yeye" huwa namsikiliza kama nasoma majibu ya maabara.

Antibayotiki za kila siku za kuzuia maambukizi ya laini: hapana. Hazisafishi utando, na zinachagua wale sugu wabaki, kisha siku mtoto anaugua kweli dawa za kwanza hazifanyi kazi. Usichanganye hilo na jambo lingine linalofanana. Watoto ambao bakteria wamezaliana kupita kiasi utumboni, wenye gesi nyingi, tumbo lililojaa, kinyesi chenye harufu kali, hupewa antibayotiki za kunywa kwa mizunguko, na hiyo inaweza kupunguza uvukaji wa bakteria kuingia kwenye damu. Ni uamuzi wa mtaalamu wake wa utumbo, kwa dalili zake. Kwa kuwa alishapata Klebsiela, uliza kama anazo.

Probiotiki za unga, nakuomba uziache kabisa isipokuwa timu yake iseme vingine. Zile ni bakteria hai, na nyingine ni hamira hai. Kwa mtoto mwenye ukuta wa utumbo wenye afya na asiye na laini hazina neno. Kwa watoto wa utumbo mfupi wenye laini, imeshaandikwa mara kadhaa kwenye majarida ya tiba kwamba laktobasila ileile iliyokuwa kwenye kifuko ilioteshwa kwenye damu ya mtoto. Hamira nayo imeshapatikana kwenye damu ya wagonjwa wenye laini, na huko haikuhitaji hata kupita tumboni: kupasua kifuko karibu na kitanda kunarusha unga hewani, unga unatua kwenye mikono na kwenye vizibo. Kama kuna mtu mwingine nyumbani anayezitumia, azifungulie chumba kingine na anawe.

Sasa zile hatua zinazofunga njia ya kichwa cha laini. Orodha uliyopewa hospitali naamini unaijua, sitairudia yote. Nitakaa pale ambapo naona watu wazuri, waangalifu, wakiteleza. Mzazi ananawa vizuri, anavaa glovu, anapanga vitu vyake kwenye kitambaa safi. Kisha mtoto anajinyoosha, mzazi anamrudisha kwa mkono uleule, anavuta fulana yake juu, na mkono unarudi kwenye laini. Au kizibo kimefunguliwa, ncha ya laini inagusa pindo la nepi kwa nukta moja, na macho yalikuwa kwenye sindano. Hapo ndipo penye hatari. Msaidizi wa pili wa kumshika mtoto ana thamani kuliko glovu za bei kubwa. Nepi ibadilishwe kabla, wala si katikati, na mikono inawiwe upya. Laini ielekezwe juu, ikunjwe chini ya fulana ya kubana, isiachwe ining'inie kuelekea kiunoni. Kama ana tundu la choo tumboni, kuwe na ukuta wa plasta kati yake na laini.

Kichwa cha laini kisuguliwe, kisipanguswe. Sugua kwa nguvu sekunde 15 kwa kitambaa cha spiriti au cha klorheksidini yenye spiriti, zunguka pembe zote, kisha kiache kikauke chenyewe. Kukauka ndiko kunakoua. Ukipuliza kwa mdomo ili kikauke upesi umerudisha vijidudu ulivyoviondoa. Plasta inayopitisha mwanga ibadilishwe kila siku 7, ya shashi kila siku 2, na yoyote ile ikilowa au ikiachia pembe ibadilishwe siku hiyohiyo. Kuoga anaweza, kuzamisha laini kwenye beseni au kuogelea hapana.

Kuna kinga nyingine ambayo, kwa mtoto aliyeugua mara mbili ndani ya mwaka, nisingekubali iachwe bila kujadiliwa: dawa ya kujaza ndani ya laini wakati haitumiki. Ninayoipendelea ni taurolidini. Si antibayotiki, inaua bakteria na fangasi kwa kushambulia kuta zao, inazuia utando usijengeke, na usugu dhidi yake haujawa tatizo katika tiba. Miongozo ya Ulaya ya lishe ya mshipani nyumbani inaipendekeza. Nyingine ni ethanoli ya asilimia 70, yenye nguvu nzuri pia, lakini ina masharti: inatumika kwenye laini za silikoni, kwa sababu za poliurethani inaweza kuzidhoofisha zikapasuka, na haichanganywi na heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kuwa vikikutana vinatengeneza chembe zinazoziba mpira. Inahitaji kukaa ndani saa kadhaa, na mwanao yuko huru mchana, kwa hiyo muda anao. Jambo moja nalisema kwa msisitizo wote nilio nao: dawa hizi zitoke kwenye famasia ya hospitali, zikiwa zimetengenezwa kwa kazi hiyo na kwa ujazo wa laini yake. Spiriti ya kusafishia vidonda haiingii ndani ya laini kamwe.

Usiache kuangalia mbali zaidi ya laini. Kila usiku unaopunguzwa wa kuunganishwa ni kufungua laini mara chache zaidi, na chakula kinachopita utumboni, hata kidogo, kinauimarisha ukuta wake. Kwa umri wake utumbo bado unakua na kujizoesha. Uliza mpango wa kumpunguzia lishe ya mshipani unasemaje. Uliza kama sehemu iliyotanuka ya utumbo inaweza kufanyiwa upasuaji wa kuirefusha. Uliza kama anafaa kwa teduglutidi, dawa ya sindano inayosaidia ukuta wa utumbo kufyonza zaidi, ambayo tayari hutumika kwa watoto kuanzia mwaka mmoja. Si wote wanaofaa, na mengine yatakataliwa kwa sababu nzuri. Na ini liangaliwe kila mara, kwa sababu kila maambukizi ya damu yanalisukuma ini la mtoto anayelishwa kwa mshipa hatua moja kuelekea kwenye kovu. Manjano ya macho yasiyoondoka baada ya maambukizi kupona yanahitaji mtaalamu wa ini mapema.

Laini ikipasuka au kukatika, ibane mara moja kati ya mwanya na mwili wa mtoto, ifunike kwa shashi safi, nendeni. Laini nyingi za muda mrefu zinaweza kutengenezwa bila kubadilishwa, mradi zifike haraka. Kwenye tundu la ngozi pakiwa pekundu, pakiuma au pakitoa usaha, aonwe siku hiyo, hata bila homa. Na kama hospitali ya karibu si ile inayomjua, nendeni ya karibu kwanza, wachukue damu na kuanza dawa, huku mkiwapigia simu timu yake. Kwa hilo unahitaji barua moja iliyosainiwa, ikae mkoba uleule na vifaa vyake: ugonjwa wake, aina ya laini na tarehe iliyowekwa, vijidudu alivyowahi kupata na dawa zilizoviua, dawa za kuanza nazo, na namba za kupiga.

Wakati huu mkiwa wodini, kabla hamjaruhusiwa, omba mambo haya: ultrasaundi ya mishipa ya shingo na ya mtulinga ijulikane ipi iko wazi, kipimo cha moyo iwapo vijidudu vimechelewa kuisha, na muuguzi wa laini akae nawe ukimuunganisha mwanzo hadi mwisho, akutazame tu, akwambie anachokiona. Kisha uliza laini yake ni ya silikoni au poliurethani. Kwa kawaida huwa imeandikwa kwenye karatasi ya upasuaji alipowekewa, na famasia wataihitaji kabla ya kuamua ni dawa gani ya kujaza.